Sheikh Amri Abeid hakuwa mchezaji, wala meya wa Arusha

Timu zetu za Prisons au Mbeya City zikipangiwa mechi Arusha, kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, pale Mwanjelwa jijini Mbeya utasikia mtu akieleza kwa kujiamini kwamba mwenye jina hilo alikuwa mchezaji wa zamani, au tajiri wa Arusha aliyetoa kiwanja. Wengine hukaribia ukweli kidogo: alikuwa meya wa jiji hilo.

Umeya ni kweli, ila ulikuwa wa Dar es Salaam. Sheikh huyo, kwa jina kamili Kaluta Amri Abedi, ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa mji huo, kabla hata bendera ya Uhuru haijapandishwa. Alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924. Alikuwa sheikh wa Ahmadiyya, jumuiya ya Kiislamu, akasomea dini Pakistani, na baadaye Mwalimu Nyerere akamteua Waziri wa Sheria. Alifariki Ujerumani mwaka 1964, akiwa na miaka 40 tu.

Hayo ni ya serikalini. Mimi namthamini zaidi kwa ushairi. Kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi ndicho kilichowapa walimu wengi msingi wa kufundishia vina na mizani, na mwanafunzi wa Iringa anayehesabu silabi leo anamfuata bila kumjua.

Isitoshe, jina la uwanja halionyeshi kwao mtu. Sokoine, ambaye uwanja wetu wa Mbeya una jina lake, alitoka Monduli, hukohuko Arusha. Na Samora wa Iringa? Msumbiji.