Dummy Hoy: sifa alizopewa na sifa alizostahili

Wakitajwa viziwi waliocheza besiboli, jina la William Ellsworth Hoy, aliyejulikana kama Dummy Hoy, halikosi. Alizaliwa Houcktown, Ohio, mwaka 1862, akacheza ligi kuu za Marekani kuanzia 1888 hadi 1902, muda mwingi akilinda katikati ya uwanja wa nje. Kinachosikitisha ni kwamba anasifiwa zaidi kwa jambo lisilo na ushahidi, huku kazi aliyoifanya uwanjani ikipitwa juu juu.

Dhana: Alizaliwa kiziwi.
Hapana. Alipoteza usikivu akiwa na miaka 3 kwa homa ya uti wa mgongo. Alisoma shule ya viziwi ya Columbus, akahitimu akiwa wa kwanza, kisha akarudi kwao akafungua duka la kutengeneza viatu. Mechi za wikiendi ndizo zilizomtoa.

Dhana: Ndiye kiziwi wa kwanza ligi kuu.
Ed Dundon, mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) aliyepita shule hiyohiyo ya Columbus, alimtangulia mwaka 1883.

Dhana: Waamuzi walianza kutumia ishara za mikono kwa ajili yake.
Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na ndani yake mna ukweli kiasi. Zamani hizo mwamuzi alitangaza uamuzi kwa sauti tu. Hoy alipoanza kulipwa katika timu ya Oshkosh, Wisconsin, mwaka 1886, ilimbidi ageuke kila mara kumtazama mwamuzi ili ajue mpira uliopita umehesabiwaje. Warushaji wakaligundua hilo, wakawa wanarusha mwingine kabla hajajiweka sawa. Dawa yake ilikuwa rahisi: kocha aliyesimama besi ya tatu (besi ni vituo vinne ambavyo mkimbiaji huvizunguka ili apate pointi) alimwinulia mkono wa kulia mpira ukihesabiwa dhidi yake, na wa kushoto ukiwa umepita nje. Hoy akapata utulivu wa kupiga, na mwaka 1887 Oshkosh wakatwaa ubingwa.

Tazama basi aliyeinua mkono ni nani: kocha wake, wala si mwamuzi. Ishara za waamuzi zilienea miaka ya mwanzo ya karne ya 20, Hoy akiwa ameshastaafu ligi kuu. Mwamuzi Cy Rigler anatajwa kuzitumia Evansville, Indiana, mwaka 1905, na mwamuzi mwingine, Bill Klem, naye amepewa sifa hiyo. Hakuna kumbukumbu ya enzi hizo inayoonyesha kwamba mwamuzi yeyote alizianza kwa sababu ya Hoy. Lakini mpango wa Oshkosh ni wake, na kwangu huo unatosha.

Dhana: Asiyesikia ni hatari kwa wenzake uwanjani.
Mpira ukiruka juu kati ya walinzi wawili, lazima mmoja aite, la sivyo watagongana. Sam Crawford, aliyecheza ubavuni mwa Hoy katika timu ya Cincinnati mwaka 1902, alieleza kwamba hawakupata shida hata kidogo: Hoy akiufuata mpira alitoa kisauti cha kooni, na Crawford akikisikia anamwachia.

Mkono wake je? Tarehe 19 Juni 1889, akiichezea Washington dhidi ya Indianapolis, Hoy aliwatoa wakimbiaji watatu kwa kurusha mpira kutoka uwanja wa nje hadi besi ya nyumbani, ambako mkimbiaji hupata pointi, wote katika mechi moja. Mdakaji (anayekaa nyuma ya besi ya nyumbani) aliyeipokea mipira hiyo alikuwa Connie Mack, aliyekuja kuwa meneja maarufu. Mwaka uliotangulia, wa kwanza kwake ligi kuu, Hoy aliongoza ligi yake kwa kuiba besi 82, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe. Ni haki kusema pia kwamba hesabu ya besi za kuibwa wakati huo ilikuwa legevu kuliko ya leo.

Dhana: Jina Dummy lilimuudhi.
Zama hizo wachezaji viziwi waliitwa hivyo, akiwemo Luther Taylor, mrushaji wa New York ambaye Hoy alikutana naye uwanjani Mei 1902. Kwa Kiingereza neno hilo lilimaanisha bubu; leo ni tusi, na ni sawa liachwe. Hoy mwenyewe alilikubali, hata akiwasahihisha waliomwita William.

Dhana: Baada ya kustaafu alipotea.
Alifuga ng'ombe wa maziwa karibu na Cincinnati. Halafu kampuni ya matairi ya Goodyear ya Akron, Ohio, iliyoajiri mamia ya viziwi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikamkabidhi usimamizi wao. Huko ndiko alikokuwa kocha wa Goodyear Silents, timu ya wafanyakazi viziwi. Sehemu hii ya maisha yake inastahili kuandikwa zaidi: mtu aliyelazimika kujitafutia njia peke yake sasa alikuwa anawafundisha wenzake.

Oktoba 1961, akiwa na miaka 99, alirusha mpira wa ufunguzi wa mechi ya tatu ya fainali za ligi kuu (World Series) katika uwanja wa Crosley, Cincinnati. Alifariki Desemba hiyohiyo.

Dhana: Yumo katika Ukumbi wa Mashuhuri wa Cooperstown, ule wa besiboli ya Marekani nzima.
Hayumo. Timu ya Cincinnati ilimwingiza katika ukumbi wake yenyewe mwaka 2003. Mwenye mapigo zaidi ya 2,000 na besi karibu 600 za kuibwa anastahili kupigiwa kura kwa rekodi hizo, bila kusaidiwa na hadithi ya waamuzi.