"Dokta, mwandikie tu antibayotiki ili kesho wampokee"

Jumatatu, kabla hata ya saa mbili asubuhi, benchi la nje ya chumba changu huwa limejaa. Mtoto kavaa sweta ya kituo cha kulelea watoto, begi dogo lina chupa ya uji na pampasi tatu, mama kitambulisho cha kazini kinaning'inia shingoni na jicho halitoki kwenye simu. Ijumaa jioni mwalimu alimtumia ujumbe: mtoto ana makamasi ya kijani, asiletwe mpaka aonwe na daktari na aanzishiwe dawa. Anaingia, anakaa nusu kiti, anatoa ombi ambalo siku hizi nalisikia kama salamu: "Dokta, mwandikie tu antibayotiki ili kesho wampokee."

Ninatibu watoto kwenye kliniki moja jijini Dar es Salaam. Wiki iliyopita ombi hilo lilinifikia mara nne kabla ya chai ya saa nne. Nimeona niliandike jibu, maana nikiendelea kulirudia kwa mdomo nitaanza kugombana na watu wasio na hatia.

"Makamasi ya kijani ni bakteria, bila antibayotiki hayaondoki"

Hapana. Na katika yote ninayoyasikia, hili ndilo linalonichosha.

Mafua ya mtoto yana mwendo wake, na karibu yote huletwa na virusi. Siku ya kwanza na ya pili pua inatiririka maji. Kuanzia siku ya tatu au ya nne makamasi yanakuwa mazito, yanageuka manjano, kisha kijani, halafu yanafifia na kukauka. Rangi hiyo inatoka kwa mtoto mwenyewe. Chembe nyeupe za damu zinazokimbilia puani kupambana na virusi zina kimeng'enya chenye madini ya chuma, nacho ni cha kijani. Zikifa kwa wingi, kamasi linachukua rangi yake. Asubuhi linakuwa zito zaidi kwa sababu limelala puani usiku kucha, na asubuhi ndipo mwalimu anapopokea watoto getini. Mchana mtoto huyohuyo huenda ana kamasi jepesi, ila mchana hakuna anayekagua.

Tupige hesabu kidogo. Mtoto mdogo hupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na aliyeanza kituo mwaka huu anaweza kuzidi hapo. Kila mafua huchukua siku 7 hadi 10, na kikohozi kinaweza kubaki nyuma mpaka wiki ya tatu. Mara 8 kwa siku 10 ni siku 80. Likizo ya mwaka kwa mwajiriwa wa Tanzania ni siku 28. Kituo chenye sheria ya "hakuna kamasi" kinamdai mzazi siku ambazo hana, ndiyo maana anakuja kwangu kutafuta karatasi. Simlaumu. Lakini karatasi anayoitaka haitibu kitu.

Hapo ndipo ninapojibiwa: "Mbona mara ya mwisho alipewa amoksilini akapona siku ya tatu?" Mama, mara ya mwisho ulimleta siku ya sita. Siku ya sita ukiongeza tatu ni siku ya tisa, na siku ya tisa angepona hata ungempa maji ya dafu. Dawa ilipanda basi likiwa linaingia stendi, ikashuka ikidai ndiyo iliyoendesha.

Kituo nacho kinajidanganya. Kinaamini kwamba mtoto akianza chupa ile ya unga unaochanganywa na maji, hataambukiza wenzake. Antibayotiki haigusi virusi. Mtoto mwenye mafua huambukiza zaidi siku zile za mwanzo, wakati kamasi ni maji tu na kila mtu anasema "ni baridi ya feni". Likifika kuwa la kijani, alichokuwa nacho alishakigawa kwenye midoli siku kadhaa nyuma. Halafu dawa yenyewe inaweza kumharisha. Nimemwona mtoto aliyerudishwa nyumbani Ijumaa kwa kamasi, akapewa antibayotiki Jumamosi duka la dawa bila kuonwa na mtu, Jumanne akarudishwa tena nyumbani kwa kuharisha. Mama yake alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio kazini.

Antibayotiki sina ugomvi nazo. Mtoto akiwa na nimonia naziandika bila kusita. Ila nimonia haionekani kwenye kitambaa cha kufutia pua, inaonekana kifuani. Kwa hiyo ninachowafundisha wazazi, na nitaendelea kuwafundisha mpaka nistaafu, ni kuhesabu pumzi.

Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Akiwa amelala ni vizuri zaidi. Pandisha fulana, weka simu ihesabu dakika nzima, usikate nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu watoto hawapumui kwa mpangilio sawa. Kifua kikipanda na kushuka ni moja. Mwenye miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Mwenye mwaka 1 hadi kutimiza 5, ni 40 au zaidi. Tazama na sehemu ya chini ya mbavu: ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, usingoje Jumatatu. Na asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila anachomeza, aliyepata degedege au aliyelegea hazinduki vizuri, huyo anakwenda hospitali sasa hivi.

Mama mmoja wa benki nilimpa kazi hiyo palepale chumbani. Akahesabu kwa kidole hewani, midomo ikitembea: 29. Akarudia mwenyewe bila kuambiwa: 31. Mtoto ana miaka miwili, kamasi kijani kama mchicha, anavuta waya wa kipimo changu na kucheka. Sikuandika dawa. Niliandika barua ya mistari minne: mtoto ameonwa, ana mafua, hana homa, anapumua na kunywa vizuri, hahitaji antibayotiki, anaweza kuendelea kuja kituoni, mzazi apigiwe simu akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, akipumua kwa shida au akikataa kunywa. Saa tano nikapigiwa na kituo: "Dokta, umesahau kuandika dawa." Sikusahau, dada yangu.

Makamasi yakizidi siku 10 bila dalili ya kupungua, au mtoto akipata nafuu kisha homa ikarudi upya, au sikio likauma au kutoa usaha, mrudishe nimwone. Nyumbani, matone ya maji ya chumvi puani kabla ya kunyonya au kulala yanasaidia kuliko sirapu nyingi za mafua zilizopangwa dukani. Asali ni kwa aliyetimiza mwaka, chini ya hapo hapana.

"Nimempa parasetamoli asubuhi, homa imekwisha"

Imejificha. Dawa hiyo hufanya kazi saa 4 hadi 6. Ukimpa saa kumi na mbili asubuhi, kati ya saa nne na saa sita mwalimu anapiga simu, na wewe ndiyo kwanza umefungua kompyuta. Walimu wanaijua homa hiyo ya saa tano, wanajua pia kwamba ulijua. Homa ya nyuzi 38 kwenda juu inamweka mtoto nyumbani, na anarudi akipitisha saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Hapa kituo kina haki yote. Na homa kwetu bado ni kipimo cha malaria kwanza, hata kama ana mafua ya wazi.

"Anaota meno tu"

Mtoto wa miezi minane kwa kawaida ana jino njiani, kwa hiyo meno yatapatikana na hatia ya kila kitu. Jino linaweza kumtoa mate, kumfanya atafune vidole na awe mkali, na joto kupanda kidogo. Halileti homa ya 39 wala choo cha maji mara sita. Umri huo ndio kinga aliyopewa na mama tumboni inapopungua, naye ndiyo kwanza anatambaa na kutia mdomoni kila anachookota. Anayeharisha ameokota kitu, apewe ORS na zinki siku 10 hadi 14, abaki nyumbani mpaka choo kirudi hali yake. Vituo vingine vinadai saa 24 baada ya kuharisha au kutapika kwa mwisho, vingine 48. Mimi niko upande wa 48, kwa sababu nimeona jinsi pampasi zinavyobadilishwa kwenye godoro moja. Zinki ikiendelea baada ya hapo, inaendelea kituoni bila shida.

Na kama kuna jirani anayekushauri kuyang'oa "meno ya plastiki" ili kuharisha kukome, mwambie daktari amekataa. Kinachong'olewa pale ni vichipukizi vya meno halali ya mtoto, kwa kifaa kisichojulikana kilitoka wapi. Wanaletwa kwetu wakiwa wanavuja damu au wana maambukizi kinywani.

"Ugonjwa wa mtoto si sababu kisheria, niandikie mimi ED"

Ombi hili huja kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Mama mzima wa afya anataka ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzika kazini, yenye jina lake, maumivu ya mgongo ikiwezekana, kwa sababu bosi hatakubali kusikia mtoto. Siandiki. Ukigundulika, kazi iko hatarini kwa udanganyifu, na langu jina liko chini ya saini.

Ambacho wengi hawajaambiwa na ofisi ya rasilimali watu ni kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34, inampa mwajiriwa angalau siku 4 zenye malipo kwa sababu kama ugonjwa wa mtoto wake. Baba pia, na ningependa kuwaona akina baba wengi zaidi kwenye benchi langu. Siku hizo ni chache mno: ni ndani ya mzunguko wa likizo wa miezi 36, na humohumo zinaingia siku za misiba ya watu wa karibu. Zikiisha, mwajiri anaweza kuridhia nyingine bila malipo. Mwajiri ana haki ya kudai uthibitisho, na huo nitauandika kwa furaha: jina la mtoto, tarehe aliyoonwa, siku anazotakiwa kukaa nyumbani. Usizimalizie kwenye makamasi. Zitunzie tetekuwanga.

Tetekuwanga haimo kwenye chanjo za kawaida za kliniki, kwa hiyo ikiingia kituoni inawapitia mmoja baada ya mwingine. Mtoto anarudi malengelenge yote yakishakauka na kufanya vigaga, mara nyingi siku tano hadi saba tangu yalipoanza kutoka. Hahitaji kungoja alama zifutike. Surua ni nyumbani mpaka siku nne zipite tangu vipele vitoke. Mapunye ya kichwani hayamzuii mtoto akishaanza dawa ya kumeza. Ya kupaka peke yake haitoshi, na kumnyoa kipara hakuui fangasi. Upele wa utitiri (scabies), anarudi kesho yake baada ya kupakwa dawa mara ya kwanza, mradi nyumba nzima imepakwa siku hiyo hiyo, dada wa kazi akiwemo. Malaria haiambukizwi kwa kukaa karibu. Homa ikikata na nguvu zikirudi, aende, huku akimalizia dozi zote 6 za dawamseto.

Macho mekundu mnayakumbuka yalivyoenea hapa mjini mwanzoni mwa 2024, watu wakijitia chai ya rangi na mengine nisiyotaka kuyataja. Mengi ni virusi, na matone ya antibayotiki hayayaharakishi kupona. Wenzangu wengine huwaacha watoto waendelee na kituo. Mimi huwaweka nyumbani maadamu machozi na tongotongo vinatiririka, kwa sababu hakuna aliyefanikiwa kumwambia mtoto wa miaka miwili asijisugue.

"Kituo kinatafuta visingizio, ada tumelipa"

Nusu ya lawama hii inatokana na kutouliza mapema. Siku ya kuandikisha mtoto, wazazi huuliza ada, chakula na gari la kuwachukua. Ulizeni pia: homa nyuzi ngapi ndiyo mnampigia mzazi, na mnaipima kwa kipimajoto au kwa kiganja? Akiharisha anarudi baada ya saa ngapi? Cheti cha daktari mnakitaka kwa ugonjwa gani? Waombeni waandike. Mwalimu akikujibu "tukiona hayuko sawa tunampigia mzazi," jua kwamba Ijumaa jioni utapata ujumbe wa makamasi.

Na mkija kwangu, njooni na kadi ya kliniki na namba ya pumzi mliyoihesabu nyumbani. Ile chupa ya amoksilini iliyobaki nusu kwenye mlango wa friji tangu mwezi wa nne ije nayo pia. Ilishaharibika, na mtoto mwingine asije akapewa.