Picha za peintiboli na michezo ya kasi: yanayosemwa na yalivyo

Anayetaka kuanza kupiga picha za peintiboli, mchezo wa kufyatuliana gololi za rangi, hakosi washauri. Kila mwenye kamera shingoni ana la kumwambia, na mengi yanaishia kwenye mfuko: nunua hiki, uza kile. Baadhi ya maneno hayo yalikuwa kweli enzi za filamu, mengine hayajawahi kuwa kweli. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara pembeni ya uwanja, nayo yanagusa pia ndondi, mpira na mbio za magari, kwa sababu shida yenyewe ni moja.

"Bila kamera ya bei mbaya hupati kitu"

Tufanye hesabu ya mchana wa jua kali. Weka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) kwenye 400, fungua lenzi hadi f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa zaidi), na kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera linakuwa wazi, itafika karibu 1/3200 ya sekunde. Kasi hiyo inamgandisha mchezaji yeyote anayekimbia, na f/5.6 ndiyo uwazi wa lenzi za kawaida zinazouzwa pamoja na kamera za wanaoanza. Kamera ya mtumba ya miaka kumi iliyopita inaiweza kazi hiyo. Ukiongeza lenzi ya mtumba inayofika 200 au 250 mm, una kila kitu cha kujifunzia.

Pesa huanza kusema mwanga unapopungua. Chini ya miti, ambako peintiboli ya msituni huchezwa, mwanga unaweza kushuka mara nane hadi kumi na sita. Kwa mipangilio ile ile shata inarudi kwenye 1/200, na mkono wa anayekimbia unageuka ukungu. Mwenye pesa atanunua lenzi ya f/2.8. Asiye nazo atapandisha ISO hadi 1600 au 3200, na hapo ndipo anapokutana na onyo jingine, kwamba ISO ikipanda picha imekwisha. Haijaisha. Itakuwa na chenga, yaani vidoti vidogo vidogo, na chenga zinapunguzwa kwa programu. Mara nyingi, mtu akiitazama kwenye simu hatazigundua kabisa. Picha iliyotikisika haina dawa. Mimi kati ya chenga na ukungu nachagua chenga bila kufikiri.

"Picha kali ni ile inayoonyesha risasi ikiwa hewani"

Hili ndilo linalowapotezea wageni muda mwingi kuliko yote. Gololi ya kawaida ya peintiboli ina kipenyo cha milimita 17 hivi, na viwanja vingi huruhusu mwendo usiozidi futi 300 kwa sekunde, yaani mita 91 hivi. Kwenye shata ya 1/1000 gololi hiyo inasafiri sentimita tisa wakati shata iko wazi, zaidi ya mara tano ya upana wake. Utapata mstari hafifu, kama utapata chochote. Hata kwenye 1/8000, ambayo ndiyo kikomo cha shata ya mitambo kwenye kamera nyingi za hali ya juu, bado inasogea zaidi ya sentimita moja.

Kuna ujanja mmoja. Ukisimama nyuma ya mchezaji anayefyatua, gololi inakwenda mbali nawe badala ya kukatiza mbele yako, kwa hiyo kwenye picha haisogei sana na inaonekana kama nukta. Kanuni hiyo inafaa kila mchezo: kinachokuja kwako au kukuacha kinahitaji kasi ndogo ya shata kuliko kinachopita kutoka kulia kwenda kushoto. Winga anayekatiza mbele yako ni mgumu kuliko mshambuliaji anayekuja usoni.

Lakini hata nukta hiyo ukiipata, umepata nini? Mgongo wa mtu na nukta. Mchezo wenyewe haukuzaliwa kwa ajili ya risasi. Ulipochezwa mara ya kwanza, tarehe 27 Juni 1981 kule New Hampshire, Marekani, kwa bunduki zilizotengenezwa kuwekea alama miti na ng'ombe, aliyeshinda alikuwa Ritchie White, mtu wa misitu, aliyekusanya bendera zote bila kufyatua hata risasi moja. Kinachostahili picha ni kujificha, kuvizia, kukurupuka: goti lililozama kwenye matope, macho nyuma ya kioo cha barakoa, mchezaji anayejirusha kifudifudi nyuma ya kizuizi. Na gololi inapopasuka kifuani, kofi lile la rangi linarusha matone pande zote. Hayo matone yana mwendo mdogo kuliko gololi yenyewe, na 1/2000 hukupa nafasi nzuri ya kuyadaka.

"Kamera ikipiga fremu kumi kwa sekunde, haikosi kitu"

Fremu kumi, kila moja 1/1000. Jumla yake ni moja ya mia ya sekunde. Asilimia 99 iliyobaki kamera imefumba macho. Kati ya fremu moja na inayofuata gololi imesafiri mita tisa, na ngumi ya bondia imekwenda na kurudi. Picha za mfululizo zinasaidia, sikatai, ila zinamsaidia aliyeanza kubonyeza kabla ya tukio. Ukisubiri uone ndipo ubonyeze, umeshachelewa kwa sababu mwili wa binadamu unachukua karibu moja ya tano ya sekunde kuitikia kile jicho lilichoona.

Mpiga picha Neil Leifer alipompiga picha bondia Muhammad Ali akimfokea mpinzani wake Sonny Liston aliyelala sakafuni, tarehe 25 Mei 1965 mjini Lewiston, Maine, hakuwa na mfululizo wowote. Alitumia taa kubwa za fleshi zilizoning'inizwa juu ya ulingo, na zikishawaka zilihitaji muda kujaa umeme tena. Alikuwa na nafasi ya picha moja, akaipiga. Tazama kati ya miguu ya Ali kwenye picha hiyo: yupo mpiga picha mwingine, Herb Scharfman, wa Sports Illustrated, jarida lile lile la Leifer, mwenye vifaa vya kutosha. Amekaa upande ambao Ali ameupa mgongo.

"Kaa nyuma ya wanaoshambulia, ndiko kwenye usalama"

Usalama upo, nyuso hazipo. Utarudi na kadi iliyojaa migongo. Pembeni, karibu na mstari wa katikati ya uwanja, unawaona wa pande zote mbili wakichungulia. Pale penye vizuizi vya kupuliziwa hewa, chagua kizuizi kimoja ambacho lazima mtu atakikimbilia filimbi ikilia, elekeza lenzi hapo, halafu ngoja. Usihangaike kumfuata kila mtu. Ukitazama mechi moja bila kupiga picha, utajua wanapenda kukimbilia wapi.

Kama uko nje ya wavu, usirudi nyuma kuutafutia wavu nafasi ya kutoonekana. Fanya kinyume: usogelee hadi hudi ya lenzi, kile kikingio cha mbele, iuguse, fungua lenzi kabisa, na wavu utapotea kwenye ukungu. Ukiwa mita mbili nyuma, fokasi itashika nyuzi za wavu na mchezaji atabaki kivuli.

"Shata ikizidi kasi, picha inazidi uzuri"

Waulize wanaopiga picha za Safari Rally pale Naivasha. Gari lililopigwa kwa 1/4000 likipita ubavuni linaonekana limeegeshwa, hata matairi yamesimama. Wao hushuka hadi 1/125 au 1/60, wanalifuata gari kwa kamera huku mwili ukizunguka kuanzia kiunoni, na kubonyeza bila kusimamisha mzunguko. Gari linatulia, nyasi na vumbi laini la fesh-fesh vinageuka mistari. Picha nyingi zitaharibika, na ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Kwenye peintiboli mbinu hii inafaa kwa mchezaji anayekimbia ubavuni kwako mwanzoni mwa mechi, wakati njia yake ikiwa imenyooka.

Ukumbi wa ndani una mtego wake. Kwetu umeme ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za mirija hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga 1/1000, fremu moja inatoka na rangi ya njano, nyingine giza. Washa kizuia mpepeso kama kamera yako inacho. Kama haina, vumilia tu, ulainishe rangi baadaye.

"Simu haifai"

Mchana inafaa, mradi uende kwenye mpangilio wa kuchagua shata mwenyewe na uache kukuza kwa vidole, kwani simu nyingi zikipita uwezo wa lenzi zake zinakata tu picha. Chini ya miti au jioni, kweli haifai.

"Mimi sichezi, sihitaji barakoa"

Hapa hakuna mjadala. Gololi inayokwenda mita 90 kwa sekunde haijui nani ana bunduki na nani ana kamera, na jicho likipigwa linaweza kupofuka. Ndani ya uwanja barakoa haivuliwi, hata mechi ikisimama, mpaka kila mtutu uwe umefungwa kifuniko chake na refa ameruhusu.

Shida yake ni ya kiufundi. Barakoa inaweka jicho mbali na kitundu cha kuchungulia, na unaona katikati ya fremu tu. Tumia skrini ya nyuma ya kamera, acha nafasi pembeni ya mchezaji utakayokata baadaye, na weka fokasi ya kufuatilia, ile inayoitwa AF-C kwenye Nikon na Sony au AI Servo kwenye Canon za DSLR, zile zenye kioo ndani. Chukua barakoa yenye kioo cha tabaka mbili, maana ya tabaka moja inajaa mvuke wa pumzi dakika chache tu baada ya kuanza kukimbia.

"Rangi itaua kamera"

Kilichomo ndani ya gololi mara nyingi ni polietilini glikoli na rangi inayoyeyuka kwa maji, na ganda ni jelatini. Kitambaa chenye unyevu kinatosha. Cha kuogopa ni pigo kwenye kioo cha mbele cha lenzi, kwa hiyo funga filta ya bei nafuu ambayo hutailia ikivunjika, na mfuko wa plastiki kuzunguka mwili wa kamera. Usibadilishe lenzi ndani ya uwanja. Vipande vya ganda hujificha ndani ya hudi ya lenzi. Vitoe kwa brashi kabla hujapitisha kitambaa, la sivyo utavisugua kwenye kioo pamoja na mchanga.