Krimu Inaishia Wapi? Matabaka ya Ngozi na Sheria ya Vipodozi

Kila wakaguzi wetu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) wanapopita kwenye maduka ya vipodozi na kuondoa krimu za kujichubua kwenye rafu, malalamiko yanayotufikia ni yaleyale. Muuzaji anasema wateja ndio wanaozitaka. Mteja anasema ngozi ni yake, hela ni yake, Serikali inaingiliaje? Makala haya hayana nia ya kumdhalilisha anayetumia bidhaa hizo. Nia yake ni kueleza kwa nini sheria imeweka mpaka pale ilipouweka. Mpaka huo haukubuniwa ofisini. Upo kwenye ngozi yenyewe, na kipande cha ngozi kikiwekwa chini ya hadubini unaonekana waziwazi.

Kipande hicho hukatwa chembamba mno, hulazwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili zinazotumika kila siku katika maabara za patholojia, hematoksilini na eosini. Ya kwanza hutia viini vya seli zambarau, ya pili hutia waridi sehemu zilizobaki. Ukianza kutazama kutoka juu unakutana na utando wa waridi tupu usio na kiini hata kimoja, umepangana safu juu ya safu na kubanduka pembezoni. Hizo ni seli zilizokwisha kufa. Chini yake rangi inabadilika ghafla: zambarau imejaa, viini vimesongamana, na kadiri unavyoshuka ndivyo vinavyozidi kubanana, hadi kwenye safu moja ya seli zilizosimama wima. Hapo ndipo epidemisi, tabaka la juu la ngozi, inapoishia na demisi, tabaka lililo chini yake, kuanza. Mpaka wa matabaka hayo mawili haukunyooka, unapanda na kushuka kama mawimbi. Kwenye ncha za vidole mapindo hayo hujipanga kwa mistari, na ndizo alama za vidole tunazobonyeza kwenye mashine tunapojiandikisha kupata kitambulisho cha Taifa au kusajili laini ya simu. Ngozi ya kidole ikichubuka juujuu, alama hurudi vilevile zilivyokuwa. Jeraha likifika demisi linaacha kovu, na kovu hilo hukata mistari moja kwa moja.

Epidemisi ni nyembamba. Kwenye kope ina unene wa takriban milimita 0.05, na kwenye unyayo hufikia milimita 1.5. Haina mshipa wa damu hata mmoja. Oksijeni na lishe huzipata seli zake kwa kupenyezewa kutoka kwenye kapilari, yaani mishipa midogo mno ya damu, za demisi. Ukijikwaruza ukaona mstari mweupe bila damu, ujue hujatoka nje ya epidemisi.

Seli za safu ya chini hugawanyika bila kukoma, na zinazozaliwa husukumwa juu. Zikiwa njiani hujijaza keratini, ambayo ni protini ngumu, humwaga mafuta yanayoziba nafasi baina yao ili maji ya mwili yasipotee, kisha hupoteza kiini na kufa. Safari nzima, tangu kuzaliwa kwa seli hadi kupukutika, huchukua takriban wiki 4. Sehemu kubwa ya mwili ina safu 15 hadi 20 za seli mfu. Kwenye viganja na nyayo ni nyingi zaidi ya hapo.

Wanawake wa pwani wanaijua safari hii kwa macho, hata kama hawajawahi kuiona hadubini. Hina inayopakwa bibi harusi hushika kwenye keratini ya seli mfu. Ndiyo maana hukolea zaidi kiganjani na unyayoni, ambako safu hizo ni nene, na ndiyo maana baada ya wiki 2 au 3 imekwisha: seli zilizoibeba zimepukutika. Chale na tatuu haziondoki kwa sababu rangi yake imewekwa ndani ya demisi, ambako hakuna kupukutika. Piko, rangi ya kuchorea maua mwilini, ni habari nyingine. Ile nyeusi inayokolea kwa muda mfupi mara nyingi huwa na parafenilinidiamini, kemikali ya kutia nywele rangi. Molekuli zake ni ndogo, hupita kwenye seli mfu na kufika kwenye zilizo hai, na huko zinakutana na seli za Langerhans. Seli hizi zina matawi marefu na kazi yake ni ulinzi. Zilielezwa mwaka 1868 na Paul Langerhans, wakati huo akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin. Mara ya kwanza unaweza usione kitu, kwa sababu mwili ndio kwanza unaitambua kemikali. Mara ya pili ua lilelile lililochorwa mkononi linavimba na kutoa malengelenge, na mzio huo mtu hukaa nao maisha yake yote.

Sasa tuje kwenye rangi ya mwili, ambako upotoshaji ni mwingi kuliko kwingine kote. Wengi wanaamini kwamba mtu mweusi ana seli nyingi za rangi kuliko mzungu. Hana. Idadi ya melanosaiti inakaribiana kwa binadamu wote. Hukaa kwenye safu ya chini kabisa ya epidemisi, takriban moja kwa kila seli 10 za safu hiyo, na kila moja hutandaza matawi na kugawia melanini, yaani rangi yenyewe ya ngozi, seli 36 hivi zinazoizunguka. Kinachotofautiana ni vifuko vinavyobeba melanini hiyo. Kwenye ngozi nyeusi ni vikubwa, vimetawanyika kimojakimoja, na vinadumu hadi seli inapopanda juu. Kwenye ngozi nyeupe ni vidogo, vimefungamana, na huvunjwavunjwa mapema. Seli ikishapokea melanini huisogeza juu ya kiini chake, upande linakotokea jua, ili kukikinga kisiharibiwe na mionzi.

Mtu mwenye ualbino naye anazo melanosaiti. Zinachoshindwa ni kutengeneza melanini ya kutosha. Matokeo yake madaktari wa ngozi wanayaona kila wiki: saratani ya ngozi kwa vijana ambao hawajamaliza hata shule. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, hutengenezwa losheni ya kuwakinga na jua. Losheni hiyo inajaribu kufanya sehemu tu ya kazi ambayo melanini huifanya bure. Kwa hiyo tunapomkuta mtu analipia kuiondoa kinga aliyozaliwa nayo, tunaumia, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Kwa kuwa rangi hutengenezwa kwenye safu ya chini, hakuna sabuni wala skrabu inayoweza kuibadilisha. Kusugua kunaondoa seli mfu tu, na seli inayofuata imekwisha kugawiwa melanini kabla haijafika juu. Ukisugua kila siku kwa nguvu, ngozi hujihami kwa kuongeza unene na weusi. Tumelisema hili mara nyingi sana na bado saluni zinaahidi “kutoa ngozi ya zamani”. Hakuna ngozi ya zamani yenye rangi nyingine chini yake.

Ili ngozi iwe nyeupe kweli lazima kemikali ishuke hadi kwenye melanosaiti na kuizuia kufanya kazi. Kitu kinachofanya hivyo si kipodozi, ni dawa au ni sumu. Zebaki huharibu kimeng'enya cha kutengenezea melanini, kisha huingia kwenye damu, huumiza figo na neva, na kwa mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Hidrokwinoni hukizuia kimeng'enya hichohicho. Mwaka 1975, nchini Afrika Kusini, daktari George Findlay alieleza hali ya wanawake waliokuwa wakipaka krimu za hidrokwinoni kwa muda mrefu: walianza kutakata, kisha wakaota mabaka ya buluu iliyoiva kwenye mashavu. Chini ya hadubini, demisi yao ilikuwa na vipande vya rangi ya kahawia iliyopauka, vimepinda mithili ya ndizi. Kwa sababu vimelala kwenye demisi, haviondoki. Mabaka mengi tunayoletewa picha zake, mwenyewe akitafuta krimu kali zaidi ya kuyafuta, ni haya, na krimu anayoitafuta ndiyo iliyoyaleta.

Steroidi, kama klobetasoli na betamethasoni, zina njia yake. Hizi ni dawa halali zinazoandikwa na daktari kwa ugonjwa maalumu na kwa muda maalumu. Zikipakwa mwili mzima kwa miezi, epidemisi hukonda, kolajeni, protini inayoipa demisi uimara, hupungua, michirizi hutokea, vikapilari huonekana usoni na kidonda huchelewa kupona. Madaktari wa upasuaji wanalijua tatizo hili wanaposhona ngozi isiyoshika uzi.

Baada ya hapo sheria inaeleweka. Kipodozi ni kitu kinachotumika sehemu za nje za mwili kwa ajili ya kusafisha, kunukisha, kubadili mwonekano au kulinda. Sindano na vidonge vya “kung'arisha ngozi” havimo kabisa kwenye maana hiyo, kwa hiyo anayekuambia sindano yake imesajiliwa kama kipodozi anakudanganya. Tangu Julai 2019, kufuatia Sheria ya Fedha ya mwaka huo, usimamizi wa vipodozi Tanzania Bara ulihama kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda TBS, na TFDA ikawa TMDA inayoshughulika na dawa na vifaa tiba. Bado tunapokea wafanyabiashara wenye vyeti vya zamani wanaodai hawakujua. Kutojua sheria si utetezi.

Kinachotakiwa ni hiki. Jengo la kuuzia au kuhifadhia vipodozi lisajiliwe, na bidhaa nayo isajiliwe. Cheti cha jengo hakisajili bidhaa, na cheti cha bidhaa hakisajili jengo. Lebo ionyeshe jina la bidhaa, viambato vyote, jina na anuani ya mtengenezaji, nchi ilikotoka, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha muda, ujazo, na maelekezo kwa Kiswahili au Kiingereza. Lebo yenye lugha nyingine pekee haikubaliki. Kopo lililojazwa dukani kutoka kwenye ndoo halikubaliki. Mkorogo, yaani krimu mbili tatu zilizochanganywa na muuzaji, hauwezi kusajiliwa kwa namna yoyote, maana hata anayeuchanganya hajui kilichomo.

Mkaguzi akitilia shaka bidhaa huijaza kwenye fomu, huchukua sampuli, hutia lakiri mbele ya mwenye duka, na wote wawili husaini. Saini ya mwenye duka haimaanishi kukiri kosa. Inathibitisha tu kwamba kilichochukuliwa ndicho kilichoandikwa. Kukataa kusaini hakuzuii kazi kuendelea. Usivunje lakiri wala usihamishe mzigo uliozuiwa, kwani hilo ni kosa jingine linalojitegemea. Ikithibitika kuna kiambato kilichopigwa marufuku, bidhaa huteketezwa chini ya usimamizi, gharama za uteketezaji hubebwa na mmiliki, na shauri likifika mahakamani adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili. Kudai “nimeuziwa Kariakoo” bila risiti hakumsaidii mtu. Kwa upande wa zebaki, Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ambao Tanzania imeuridhia, ulianza kwa kuzuia vipodozi vyenye zaidi ya sehemu 1 kwa milioni. Mwaka 2023, mjini Geneva, nchi wanachama zilikubaliana kuondoa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki ifikapo 2025, bila kujali kiwango.

Kwa aliyekwisha kuanza kutumia: usiache ghafla krimu yenye steroidi uliyoipaka kwa miezi, kwa sababu ngozi huwaka, huvimba na kutoka vipele, na wengi hapo hukimbilia kuipaka tena. Nenda hospitali yenye kliniki ya ngozi. Beba kopo au tyubu yenyewe pamoja na boksi lake, hata kama imekwisha, maana daktari anahitaji kuona viambato. Mweleze umetumia kwa muda gani na sehemu zipi, na kama ni mjamzito au unanyonyesha mwambie kabla ya yote. Krimu unayoshuku ina zebaki usiichome moto wala usiimwage chooni. Ifunge vizuri kwenye mfuko, iweke mbali na watoto, kisha ipeleke ofisi ya TBS ya kanda iliyo karibu nawe. Anayeleta bidhaa aliyokuwa akiitumia mwenyewe hafunguliwi shauri. Anachoulizwa ni aliponunua.