PhD ya bayolojia: kabla hujatuma maombi jua unaenda kufanya kazi chini ya nani

Msimu wa maombi ukikaribia maswali yanakuwa mengi sana hapa kwenye kitengo chetu cha masomo ya uzamivu, na swali linaloongoza ni lilelile, chuo gani kizuri. Naelewa kwa nini watu wanaanzia hapo, jina la chuo ndo kitu cha kwanza kuonekana. Lakini kwenye bayolojia, ukishaingia ndani jina la chuo halikusaidii sana, utakaeshinda nae miaka yote hiyo ni msimamizi wako na watu wa labu yake, yeye ndo anajua kama kuna hela ya kununua kemikali, yeye ndo anasoma rasimu zako (au anazikalia miezi), na ukimaliza ukaenda kuomba kazi popote wanampigia yeye. Kwaiyo leo naomba hilo tuliongee kwa kirefu, mengine tutayapitia.

Kwanza mifumo haifanani na watu wengi wanapotea hapa. Marekani programu nyingi za bayolojia zinakupokea hata ukiwa na digrii ya kwanza tu bila masters, unaomba kwenye programu sio kwa mtu mmoja, alafu mwaka wa kwanza unasoma kozi huku unazunguka labu mbili tatu, kila moja kama wiki 8 mpaka 10, ndo mwisho unachagua pa kukaa. Kuna mtihani wa kufuzu, mara nyingi mwaka wa pili, unasimama mbele ya kamati unatetea wazo lako, na mpaka unamaliza ni kama miaka 5 au 6. Uingereza ni miaka 3 mpaka 4, kozi chache, na mara nyingi unaomba mradi ambao tayari una msimamizi wake. Uholanzi au Sweden nafasi ya PhD inatangazwa kama kazi, una mkataba na mshahara, ila masters wataitaka karibu kila mara. Ukituma andiko lilelile sehemu zote hizi tatu utakataliwa ukabaki unajilaumu, kumbe umejibu tu swali ambalo hujaulizwa.

Na tafadhali sana, usikimbilie kujilipia PhD ya bayolojia. Programu nyingi nzuri zinalipa ada na kukupa posho ya kuishi. Hata ile ada ya kutuma maombi, vyuo vingi Marekani vinasamehe ukiandika kuomba mapema, ila uliza kabla dedlaini haijafika, na dedlaini nyingi za huko ni mwanzoni mwa Disemba.

Kuna watu wanajikatia tamaa kisa alama. Carol Greider, mwanabayolojia wa Marekani, alipoomba PhD alama zake za mtihani wa GRE (mtihani wa kuombea masomo ya juu Marekani) hazikuwa nzuri kwasababu ana dislexia, yaani shida ya kusoma na kuandika maneno, vyuo kadhaa vikamkataa, ila alikuwa na uzoefu wa kweli wa utafiti na Chuo Kikuu cha California, Berkeley wakamchukua. Akiwa bado mwanafunzi kwenye labu ya Elizabeth Blackburn, siku ya Krismasi 1984, akaona kwenye filamu ya eksirei alama za kwanza za kimeng'enya ambacho leo tunakiita telomerasi, kinachorefusha ncha za kromosomu, na 2009 wao wawili pamoja na Jack Szostak wakapewa Nobel. Siku hizi programu nyingi za bayolojia huko Marekani hazidai tena GRE. Wanachotafuta ni dalili kwamba ushawahi kukaa na jaribio linalogoma na bado ukarudi kesho yake. Ndo maana barua ya mtu aliyekuona ukifanya kazi labu au porini ina uzito kuliko barua ya mkubwa mwenye cheo ambae anachojua juu yako ni kwamba ulipata A kwenye somo lake.

Sasa msimamizi. Unapomwandikia imeili mara ya kwanza usimwambie unaipenda sana bayolojia, wote wanaipenda. Soma makala zake mbili za karibuni, mwambie kipi kilikuvutia na swali gani limebaki kwako, umeshafanya nini, una ujuzi gani, alafu uliza kama anapokea mwanafunzi mwaka ujao na kama kuna ufadhili. Mistari kumi na tano inatosha kabisa, na sivii uiambatanishe. Asipojibu subiri kama wiki mbili umkumbushe mara moja, kimya chake mara nyingi ni msongamano wa imeili tu, hajakudharau.

Akikubali kuongea na wewe, jua na wewe unamfanyia usaili. Na usaili wa kweli ni kwa wanafunzi wake, waliopo na waliomaliza, hasa wale walioacha njiani kama unaweza kuwapata. Omba kuongea nao peke yenu, bila bosi kuwepo. Waulize wanakutana nae kila baada ya muda gani, rasimu inachukua muda gani kurudi, waliotangulia walimaliza baada ya miaka mingapi na wako wapi leo, makala ikitoka nani anaandikwa mwandishi wa kwanza, mtu akiumwa au akijifungua inakuwaje, kuna wanafunzi wawili waliopewa swali moja washindane? Sikiliza na wanachokikwepa. Mtu akikaa kimya kidogo alafu akasema "yeye ni mtu anaejua anachotaka", hapo ndugu yangu uliza tena kwa njia nyingine. Profesa maarufu anaesafiri muda wote anaweza kukufaa kama labu ina watafiti wakubwa wa kukushika mkono, na profesa kijana anaeanza labu atakufundisha mwenyewe mezani lakini bado hajathibitishwa kazini na hela yake inaweza kuisha, hakuna jibu moja la wote, ila ingia ukiwa unajua.

Ukishaingia, muda unaliwa na vitu ambavyo ukiviandika kwenye andiko vinaonekana vidogo. Kibali cha maadili, kibali cha wanyama, kibali cha kukusanya sampuli, na kama sampuli zinavuka mpaka kuna Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa ambao unafanya kazi tangu 2014, nchi iliyotoa sampuli ina haki zake na makaratasi yake yanaweza kuchukua miezi. Yaanze wiki ya kwanza. Kama kazi yako ni ya seli, kabla hujajenga miaka mitatu juu yake zipime kama ndo zenyewe, manake seli za HeLa (seli za saratani zinazokuzwa sana maabara) zimeshavamia kalcha nyingi sana duniani, yaani seli nyingine zinazokuzwa maabara, watu wakaandika makala juu ya kitu kingine kabisa, na maikoplasma, bakteria wadogo sana, ziko pia, kwa hadubini ya kawaida hazionekani ila zinaharibu matokeo taratibu.

Alafu takwimu. Muone mtu wa takwimu kabla ya kuanza jaribio, sio ukiwa na data mkononi. Panya watatu uliowapima mara kumi kumi bado ni panya watatu, sio thelathini, na kosa hili limeangusha tasnifu nyingi ambazo mwenyewe alikuwa mchapakazi kweli. Jifunze R au Python, lugha za kompyuta za kuchambua data, mwaka wa kwanza hata kama unaona wewe ni mtu wa pipeti tu. Na uwe na miradi miwili, mmoja wa hatari wenye swali kubwa na mwingine ambao utatoa jibu vyovyote itakavyokuwa, hata jibu likiwa hapana, kwasababu viumbe hai havijui ratiba yako, mmea unakua kwa muda wake, msimu wa mvua ukikupita unasubiri mwaka mzima.

Mwaka wa tatu hivi wengi wanachoka vibaya sana, data haziungani, wenzao wa shule wana kazi na familia, wao bado wanafunzi. Usijifungie. Kamati yako ina watu wengine zaidi ya msimamizi, watumie, na kama shida ni msimamizi mwenyewe basi ofisi ya uzamivu ipo kwa ajili hiyo, kubadilisha msimamizi mapema inawezekana na inafanyika, ila kadri unavyochelewa ndo inavyokuwa ngumu.

Kuandika anza na michoro na majedwali, panga mezani mpaka hadithi ieleweke bila maneno, sura ya mbinu iandike ukiwa bado unafanya kazi yenyewe. Na utetezi usiuogope kwa sababu zisizo zake. Uingereza unakaa chumbani na watahini wawili wanakuhoji, Sweden ni hadharani kuna mpinzani rasmi, yaani mtaalamu anaekuhoji, na familia inakuja kusikiliza, lakini kote wanataka kujua jambo moja, hii kazi umeifanya wewe na unajua mipaka yake? Wakikuuliza kitu ambacho hukukipima, sema hukupima na eleza ungekipima vipi. Karibu kila mtu anapewa masahihisho, yafanye wiki zilezile kabla hujaanza kazi mpya, na kabla hujakabidhi ufunguo hakikisha umeandika na msimamizi makala gani imebaki, nani anaimalizia na lini, manake ukishaondoka bila makubaliano hayo makala inaweza isitoke kabisa.