Nyuropeptidi: ubongo wa mdudu unavyoamuru tezi

Washa taa ya jikoni usiku wa manane pale mtaani Umoja na kuna siku utamkuta mende mweupe pe, kajibanza nyuma ya mtungi wa gesi. Si mgonjwa, wala si mende wa aina nyingine. Ametoka tu kuvua ganda. Baada ya saa chache atakuwa wa kahawia kama wenzake. Lakini nani alimwambia ajivue leo?

Ubongo wake, kwa kutumia nyuropeptidi. Hiyo ni protini ndogo, mnyororo mfupi wa amino asidi unaotengenezwa na seli za neva. Ikifika kwenye tezi, kwa njia ya damu au ya neva yenyewe, tezi huanza kumwaga homoni yake, au huacha.

Inayohusika na kujivua huitwa PTTH. Huiamsha tezi ya kifuani, nayo hutoa ekidisoni, homoni inayofanya ngozi mpya iumbike chini ya ile kuukuu.

Mpolandi Stefan Kopeć alionyesha mwaka 1922 kwamba amri hutoka kichwani, na kifaa chake kikubwa kilikuwa uzi. Alimkaza kiwavi wa nondo katikati ya mwili, damu isipite. Akifunga mapema, nusu ya mbele iligeuka pupa (hatua iliyo kati ya kiwavi na nondo), ya nyuma ikabaki kiwavi vilevile. Akichelewa siku chache, nusu zote mbili ziligeuka, maana ujumbe ulikuwa umeshapita. Kukata neva hakukuzuia kitu. Uzi tu, jamani!

Breki nazo zipo. Nyuma ya ubongo kuna vitezi viwili vinavyotoa homoni ya utoto, ile inayomzuia tunutu asiwe nzige kabla ya wakati. Navyo huamriwa na nyuropeptidi: alatotropini huvichochea, alatostatini huvituliza. Jina hilo la utoto linapotosha kidogo, kwa sababu mdudu akishakua homoni hiyohiyo humsaidia kuzaa. Profesa Thomas Odhiambo, aliyeanzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe hapa Nairobi mwaka 1970, alikuwa amelichunguza jambo hili kwa nzige wa jangwani: dume aliyeondolewa vitezi hivyo hapevuki, hata awe na mabawa kamili.