Karatasi za mzigo hatari ni za nani?

Miaka yangu ya mwanzo ya kuendesha lori Marekani, kwenye mizani moja ya Ohio, mkaguzi alipanda ngazi ya kichwa cha lori, akachungulia dirishani na kuuliza swali moja tu: "Karatasi ziko wapi?" Nikageuka nyuma, nikaanza kupekua begi lililokuwa kitandani, kati ya taulo na sufuria yangu ya ugali. Nilizipata. Zilikuwa kamili, zina sahihi, hazina hata doa la chai. Akaniandikia kosa vilevile.

Nilimwona mwonevu. Leo nafundisha madereva, wengi wao Wakenya, Watanzania na Wakongo, na kisa hicho ndicho ninachofungulia darasa, kwa sababu mkaguzi yule hakukosea. Mimi nilidhani karatasi ni za mpokeaji mzigo, nitazihitaji pale nitakapofika tu. Kumbe mwenye haraka nazo ni zimamoto atakayenikuta nimezirai kwenye usukani, na huyo hawezi kuniuliza begi liko wapi.

Soma kanuni zenyewe ukimfikiria mtu huyo na zitakukaa kichwani bila kukariri. Ukiwa unaendesha, karatasi ziwe mahali unapofikia kwa mkono bila kufungua mkanda, na anayeingia kabini azione mara moja. Au ziwe kwenye mfuko ulio upande wa ndani wa mlango wa dereva. Ukishuka, hata kama ni kwenda msalani tu, ziache kwenye mfuko huo au juu ya kiti chako. Dashibodi, ambako karibu kila mtu huzitupa, haitajwi kabisa kwa dereva aliyeshuka. Na kama una rundo la karatasi nyingine, za mzigo hatari zikae juu kabisa, au ziwe na kichupo cha kuzitofautisha.

Sasa tuingie ndani ya karatasi. Hakuna fomu ya serikali inayolazimishwa kwa mizigo ya kawaida ya hatari. Hati ya shehena ya kila siku inatosha, ilimradi ina mstari kama huu:

UN1263, Paint, 3, PG II

Ni rangi ya kupaka. Kwanza namba ya utambulisho (UN ni Umoja wa Mataifa), kisha jina rasmi la usafirishaji, kisha daraja la hatari (3 ni vimiminika vinavyowaka), mwisho kundi la ufungashaji (PG), ambapo I ndilo lenye hatari kubwa zaidi na III ndogo zaidi. Mpangilio huo haugeuzwi, na katikati hapachomekwi neno lolote lisiloruhusiwa. Zamani iliwezekana jina litangulie namba, lakini tangu mwaka 2013 ruhusa hiyo imekwisha. Mpaka leo nakutana na fomu za kale zilizonakiliwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine, jina likiwa mbele, na karani wa ghala ananiapia kuwa hajawahi kukamatwa. Yeye hakamatwi. Anayesimamishwa barabarani ni dereva.

Mbona namba itangulie? Kwa sababu ndiyo inayofungua kitabu. Zimamoto ana kile kitabu cha mwongozo wa dharura, toleo la sasa ni la 2024. Kwenye kurasa za njano anatafuta 1263, anaelekezwa mwongozo wa 128, anafungua kurasa za rangi ya chungwa na kukuta moto uzimwe kwa nini, watu waondolewe umbali gani, aliyeungua ahudumiwe vipi. Dakika moja hivi. Maelezo hayo lazima yawe ndani ya lori lako pia, na kitabu chenyewe kinakubalika kuwa ndiyo maelezo. Uwe nacho karibu, kisifanywe kigingi cha mlango wa choo cha karakana kama nilivyowahi kuona.

Pamoja na mstari huo kunatakiwa kiasi cha mzigo, na idadi na aina ya vifungashio: mapipa 12, pauni 5,400. Yote yawe kwa Kiingereza na yasomeke. Ukiwa na paleti 20 za shampuu na moja ya rangi kwenye hati moja, ile ya rangi iandikwe ya kwanza, au kwa rangi tofauti ya wino, au iwekewe X kwenye safu ya HM, yaani mzigo hatari. Karatasi zikizidi moja, zihesabiwe: ukurasa wa 1 kati ya 3, na kuendelea.

Mwanafunzi wangu mmoja, aliyewahi kuvuta salfa kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kolwezi, alishangaa kukuta herufi NA badala ya UN. NA ni namba za Amerika Kaskazini tu. Salfa aliyoizoea yeye kwa jina la UN1350, daraja la 4.1, ndani ya Marekani huandikwa NA1350, daraja la 9. Vitu ni vile vile. Kanuni ndizo zilizovuka bahari. Vivyo hivyo amonia isiyo na maji: ndani ya nchi huandikwa daraja la 2.2, gesi isiyowaka, jambo linaloweza kumdanganya mtu kuwa ni mzigo mpole. Ndiyo maana sheria inalazimisha maneno "Inhalation Hazard", yaani hatari ukiivuta kwa pumzi, yaongezwe. Septemba 2023 lori la amonia lilipinduka karibu na Teutopolis, Illinois, na watu 5 wakafa.

Namba ya simu ya dharura ndiyo inayonikosesha usingizi kuliko yote. Lazima ipokelewe na mtu muda wote mzigo uko njiani, anayeujua mzigo au anayeweza kumpata anayeujua papo hapo. Mashine ya kurekodi ujumbe hairuhusiwi, wala "tutakupigia baadaye". Watuma mzigo wengi hutumia CHEMTREC, kituo cha simu za dharura za kemikali kilichoanzishwa mwaka 1971, lakini lazima wawe wamejiandikisha nacho, na jina au namba ya mkataba wa aliyejiandikisha ionekane kwenye karatasi. Mimi huipiga kabla sijatoka getini. Siku moja, saa tisa usiku, ikapokewa na faksi. Sikuondoka mpaka asubuhi, na aliyenipangia safari alininunia wiki nzima.

Sahihi ya kuthibitisha kuwa mzigo umeainishwa na kufungwa sawasawa ni ya mtuma mzigo. Ukisogezewa kalamu usaini mstari wake kwa kuwa "bosi ametoka", mwambie utamsubiri bosi. Nakala hutunzwa: mtuma mzigo miaka 2, kampuni ya lori mwaka 1, na taka hatari miaka 3 kwa wote wawili.

Juzi kijana mmoja kanipigia akiwa yadi. Ameshusha petroli yote, ofisini wamemwambia, "Uko tupu, rudi tu." Karatasi kaziacha kwa mpokeaji.

"Tangi limeoshwa?" nikamuuliza.

"Hapana, kaka. Limekauka tu."

Mvuke uliobaki mle ndani unawaka upesi kuliko petroli yenyewe. Vibao vyenye umbo la almasi na namba ya petroli, 1203, vinabaki ubavuni, na karatasi inabaki mlangoni, hadi tangi lisafishwe na mvuke uondolewe. Nikamwambia azime injini, arudi dirishani aombe karatasi.

"Watanicheka," akasema.

"Wacheke. Usisahau kuangalia namba ya simu."